Kwa nini vita vya Mau Mau vilishindwa msituni

Tangu tulipoanza kuzungumza juu ya mashamba na mipaka, swali moja linarudi katika barua zenu: watu wakinyang'anywa udongo wao, wakabeba silaha ili waurudishe, kwa nini mara nyingi wanashindwa hata kama haki iko upande wao? Swali hilo ni zito. Leo nitalijibu kwa kuwasimulia habari ya inchi nyingine, Kenya, na vita vilivyoitwa Mau Mau, ambavyo vilianza mwaka 1952 dhidi ya serikali ya Waingereza.

Kwanza mjue kilichowakasirisha watu. Waingereza walipoingia Kenya mwisho wa karne ya 19, walijenga reli kutoka Mombasa, wakaona milima ya kati ina hewa nzuri na udongo mzuri. Wakaitenga sehemu kubwa kwa Wazungu wenye mashamba makubwa, wale ambao hapa kwetu wazee waliwaita wakoloni. Wakikuyu wa upande wa Kiambu walipoteza sehemu ya mashamba ya mababu. Wengine wengi walikwenda Bonde la Ufa kuishi ndani ya mashamba ya Wazungu: unafanya kazi kwa siku fulani, unapewa pahali pa kulima na kuchunga. Hao waliitwa maskwota. Kisha vita vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, Mzungu alinunua trakta, hakuwahitaji tena kama zamani. Ng'ombe wao wakapunguzwa, shamba likapunguzwa, wengi wakafukuzwa. Walirudi kwa jamaa zao na kukuta hakuna nafasi. Ninyi mlio kambini mnaelewa jambo hilo kunishinda mimi: unarudi kwenu, na kwenu hapana pahali pako.

Kwa hiyo watu walianza kula kiapo cha umoja. Kiapo kilienea kwa siri mashambani na katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Waliokwenda kupigana walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Jina la Mau Mau lilitumiwa zaidi na serikali na magazeti. Tarehe 7 Oktoba 1952 chefu mkubwa Waruhiu, aliyekuwa rafiki wa serikali, aliuawa kwa risasi. Siku 13 baadaye, tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari.

Usiku ule ule polisi walikamata viongozi zaidi ya 100. Hapa ndipo shida ya kwanza ilipoanza. Waliokamatwa walikuwa watu wa siasa, wenye kujua kusema na serikali, wenye kujulikana na makabila mengine. Jomo Kenyatta na wenzake watano walipelekwa Kapenguria, mbali kaskazini, wakahukumiwa Aprili 1953 kufungwa miaka 7 na kazi ngumu. Mimi nilisoma sheria, na hukumu ile bado inaniudhi kila ninapoirudia. Jaji Thacker alipewa na serikali paundi 20,000, eti kwa kuwa hataweza tena kuishi Kenya baada ya kesi. Na shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alisema mwaka 1958 kwamba alidanganya na kwamba aliahidiwa malipo. Lakini kesi mbaya ilitimiza kazi yake. Vijana waliobaki nje walikimbilia misitu ya Nyandarua na mlima Kenya bila mpango mmoja, bila kamanda mmoja, kila kundi likimfuata mtu wa kijiji chake.

Wengine husema Mau Mau ilishindwa kwa sababu ya ndege na mizinga. Ni kweli kwa sehemu. Waingereza walileta askari kutoka Misri na Uingereza, wakaongeza vikosi vya Waafrika vya King's African Rifles, na ndege zikatupa mabomu msituni. Upande wa pili, wapiganaji walikuwa wengi, labda zaidi ya 12,000 mwaka 1953, lakini wenye bunduki za kweli walikuwa wachache. Wengine walitengeneza bunduki zao wenyewe kwa bomba la maji, mbao na mpira, na mara nyingine bunduki hiyo ilimlipukia mwenyewe. Tena hawakuwa na mpaka wa kuvuka. Sisi hapa tunajua vita ambavyo silaha zinaingia kutoka inchi jirani. Mau Mau hawakupata kitu kutoka nje, si risasi, si dawa, si chumvi. Walitegemea wamama wa vijijini waliowapelekea chakula usiku.

Lakini mimi nasema kwamba kilichowaangusha zaidi kilikuwa ndani ya vijiji vyao. Ili mnielewe, inanipasa kukaa kidogo juu ya pahali panapoitwa Lari.

Lari iko upande wa juu wa Kiambu, karibu na msitu. Habari yake inaanza mbali na pale, Tigoni, ambapo Wakikuyu waliishi katikati ya mashamba ya Wazungu. Wazungu hawakuwataka pale. Tume ya ardhi iliyofanya kazi miaka ya 1932 hadi 1934 ilipendekeza wahamishwe, wapewe udongo Lari badala yake. Watu wengi wa Tigoni walikataa. Luka wa Kahangara, ambaye serikali ilimfanya chefu, alikubali, akahama na watu wake, akapata sehemu nzuri. Waliokataa walifukuzwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa. Na kule Lari kulikuwako jamaa zilizosema kwamba udongo ule ni wao tangu zamani, hazikuulizwa. Basi kwa miaka zaidi ya 10, pahali pamoja palikuwa na watu waliopewa, watu waliokosa na watu walionyang'anywa, na wote waliteka maji pamoja. Machefu mnaonisikiliza, mnajua namna hali hiyo inavyooza polepole. Serikali iliyofanya mabadilishano haikuwa pale. Luka alikuwa pale.

Vita vilipoanza, Luka na jamaa yake walijiunga na serikali, na wengi wa waliokosa udongo walikula kiapo. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walinzi wa kijiji waliitwa kwenda pahali pengine palipokuwa na mauaji. Walipoondoka, washambuliaji waliingia. Walifunga milango kwa kamba, wakamwaga petroli, wakachoma nyumba, na aliyetoka dirishani alikatwa. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, walikuwa zaidi ya 70, na wengi wao walikuwa wamama na watoto. Luka aliuawa. Nyumba nyingi hazikuguswa. Washambuliaji walichagua, na waliochomwa walikuwa hasa jamaa za Luka, za walinzi na za wale waliopata udongo kwa njia yake.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo haikuandikwa katika magazeti ya siku zile. Walinzi na polisi waliporudi na kuona moto, walianza kulipiza kisasi usiku ule ule na siku zilizofuata. Waliua watu waliodhaniwa kuwa wa Mau Mau, wengi bila kuuliza neno. Wachunguzi wa leo wanafikiri kwamba waliouawa katika kisasi wanaweza kuwa wengi kuwashinda wale wa kwanza. Serikali ilipeleka waandishi na wapiga picha waone maiti za usiku wa kwanza. Juu ya maiti za kisasi ilinyamaza. Kwa mauaji ya kwanza watu 71 walinyongwa. Kwa mauaji ya pili tribinali hazikutafuta mtu.

Usiku ule ule wapiganaji wengine waliivamia polisi ya Naivasha, wakachukua bunduki na kufungua wafungwa zaidi ya 150. Kwa vita lilikuwa jambo kubwa zaidi walilofanya, na halikuwafaa kitu, maana dunia nzima ilisikia Lari, haikusikia Naivasha. Na watu wa kawaida, wale waliokuwa bado katikati, wakaogopa. Walinzi wa kijiji wakaongezeka, wakafika zaidi ya 20,000. Si wote waliompenda Mwingereza. Mmoja aliingia kwa sababu baba yake aliuawa, mwingine kwa kutaka kulinda shamba lake, mwingine kwa mshahara, mwingine ili asikamatwe yeye mwenyewe. Wako pia waliokula kiapo usiku na kubeba mkuki wa serikali mchana.

Tena kulikuwa na kiapo chenyewe. Mwanzo kilikuwa cha hiari kwa wengi, kisha kikawa cha lazima, na aliyekataa aliweza kuuawa. Waliokataa zaidi walikuwa Wakristo wa uamsho, wale wanaoitwa waliookoka, ambao mwendo wao ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Wengi wetu tuna wazee waliokuwa katika mwendo huo. Wao walisema hawawezi kula kiapo cha damu, na pia walikataa kubeba bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa. Ukimwua jirani anayekataa kumpiga mtu yeyote, jamaa yake haitakupelekea chakula msituni.

Kiapo kilikuwa pia cha Kikuyu: maneno yake, udongo wake, mababu wake. Waembu na Wameru waliingia, na Wakamba wachache na wengine, lakini kwa Mluo wa Kisumu au mtu wa pwani kiapo hicho hakikuwa na maneno yake. Mashamba yaliyonyang'anywa yalikuwa pia ya Wamasai na Wanandi, tena kwa wingi. Hata hivyo hawakuona kwamba vita hivi ni vyao. Serikali ilitambua haraka, ikawabembeleza Wakamba hasa, kwa sababu walikuwa wengi katika jeshi na polisi.

Mwaka 1954 serikali ilifanya mambo mawili yaliyokata chakula na habari. Tarehe 24 Aprili askari walizunguka Nairobi yote, mtaa kwa mtaa, wakakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000, wakawapeleka katika kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Wapiganaji walikuwa wakipata mjini fedha, risasi, dawa na vijana wapya. Mlango huo ukafungwa. Kisha kuanzia mwezi wa Juni waliwahamisha watu wa vijijini, zaidi ya milioni 1, wakawaweka katika vijiji vipya 854, vyenye seng'enge, mtaro wenye miti iliyochongwa, na mnara wa mlinzi. Walijenga nyumba wenyewe kwa haraka, na zile za zamani zilichomwa. Kutoka kulikuwa kwa saa. Wamama walichimba mtaro mrefu wa maili 50 kando ya msitu wa mlima Kenya. Njaa iliingia, na watoto na wazee wengi walikufa. Serikali iliita jambo hilo ulinzi wa raia. Mnaoishi leo chini ya shitingi, ninyi mtaamua kama neno hilo linafaa.

Msituni nako umoja ulivunjika. Dedan Kimathi, aliyekuwa amesoma na kufundisha, alipenda kuandika: majina ya wapiganaji, barua kwa serikali, hesabu za mikutano. Mwaka 1953 aliita mkutano mkubwa na kuunda baraza, baadaye likaitwa Bunge la Kenya. Stanley Mathenge, kamanda aliyeheshimiwa sana, hakuwa mtu wa kalamu, na yeye na wenzake waliona kwamba waliosoma wanajipa vyeo juu ya watu waliokuwa mbele yao vitani. Wakaunda baraza lao. Mtu atasema ni ugomvi mdogo, kusoma na kutokusoma. Mimi nimeona mashirika ya hapa kwetu yakivunjika kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna ndege iliyokuwa ikiyatupia mabomu.

Ugomvi huo uliharibu hata nafasi ya kusema na adui. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, askari wa zamani wa vita vya Burma, alikamatwa Januari 1954. Alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa maisha ili aandike barua kwa wenzake waje kuzungumza. Wengine walikubali. Mwezi wa Aprili, askari na kundi la wapiganaji wakapambana pahali watu walipokuwa wakingojea mazungumzo, na yote yakaisha hapo. Januari 1955 Gavana Baring alitangaza msamaha wa pande mbili. Mpiganaji atakayejitoa hatanyongwa kwa mambo ya nyuma, na mlinzi wa kijiji aliyefanya mabaya hatashitakiwa. Mathenge na wenzake walianza tena kuzungumza. Kimathi akapinga, akawakamata baadhi yao. Msamaha wenyewe ulikuwa na kasoro, kwa sababu haukuwauliza waliofiwa, wala wa upande huu wala wa upande ule.

Baada ya hapo serikali ilitumia wapiganaji waliojitoa kuwawinda wenzao. Walivaa nguo zile zile, walijua njia za msitu na ishara za siri. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na polisi Wakikuyu, ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kwa jumla watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika vita hivyo, wengi si kwa kuua, bali kwa kukutwa na silaha, hata risasi moja, au kwa kulisha wengine kiapo, au kwa kushirikiana na wapiganaji. Raia Wazungu waliouawa walikuwa 32. Upande wa wapiganaji serikali ilihesabu zaidi ya 11,000, na wataalamu wengi wanaona kwamba walikuwa wengi zaidi.

Kuna jambo moja ambalo viongozi wa lokalite wanapaswa kulisikia vizuri. Wakati wanaume walikuwa kambini au msituni, serikali ilipima mashamba upya. Mpango huo uliitwa wa Swynnerton, wa mwaka 1954. Vipande vidogo vya kila mtu viliunganishwa kuwa shamba moja, na mwenye shamba akapewa karatasi. Kwa kilimo haukuwa mpango wa kijinga. Lakini waliokaa katika kamati ya kupima walikuwa hasa wale waliosimama na serikali, na aliyekuwa kifungoni hakuwa na wa kumtetea. Wapangaji wasio na ukoo wenye udongo walitupwa nje. Mtu alitoka kambini mwaka 1958 au 1959, akakuta mpaka umehama na karatasi ina jina la mwingine, na sheria ikasema kwamba karatasi iliyokwisha kuandikwa haifunguliwi tena. Kwa maoni yangu hapo ndipo waasi walishindwa kabisa, kuliko siku Kimathi alipokamatwa.

Msikilizaji mmoja aliniambia: lakini Kenya ilipata uhuru, basi walishindaje kushindwa? Jibu ni kwamba walishindwa vita, na Mwingereza naye hakuweza kuendelea. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa sababu walikataa kazi. Serikali ilisema kwanza wamekufa kwa kunywa maji. Uongo huo ulifunuliwa, bunge la London likatikisika, na gharama zilikuwa zimekwisha kuwachosha. Januari 1960 hali ya hatari iliondolewa na mazungumzo ya katiba yakaanza. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Wabelgiji waliokimbia Kongo walifika Nairobi, wengine na sanduku moja tu, na Wazungu wa Kenya walipowaona wengi walianza kutafuta mnunuzi wa mashamba yao.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Mashamba ya Wazungu yalinunuliwa kwa mkopo kutoka Uingereza, na mwananchi aliyetaka kipande alipaswa kulipa. Aliyetoka msituni hakuwa na fedha. Mwana wa mlinzi wa kijiji, aliyesoma na kupata kazi ya leta, alikuwa nazo. Kenyatta mwenyewe alikuwa amekwisha kuiita Mau Mau ugonjwa uliopita. Sheria iliyoikataza Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu.

Kuhusu malipo ya mateso, kwa sababu mliuliza: mwaka 2009 wazee wachache walishitaki serikali ya Uingereza mjini London. Mwaka 2011 serikali hiyo ilikubali kwamba ilificha karatasi nyingi za wakati wa ukoloni pahali panapoitwa Hanslope Park, na ndani yake yalikuwa maandishi yaliyosaidia kuonyesha kwamba wakubwa walijua mateso ya kambini. Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake bungeni, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 walileta mashitaka yao baadaye. Hao walikataliwa mwaka 2018. Jaji alisema kwamba miaka imepita mingi mno, mashahidi wamekufa, na haiwezekani tena kusikiliza kesi kwa haki. Ndiyo maana tunawaomba ninyi wahami mwandike sasa, mngali na kumbukumbu: jina la kijiji, majirani wa pande zote nne za shamba, mti au mto ulio mpakani, siku mlipotoka, na nani aliona. Mzee asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule, na karatasi moja ikae kwake, nyingine kwa chefu au kwa parokia.

Kipindi kijacho tutasoma barua zenu juu ya mashamba yaliyouzwa wakati mwenyewe alikuwa amekimbia.